Pazia la Radha

Asubuhi ya sikukuu Kokila alichuma maua yote yaliyobaki kwenye vyungu vya roshani, hata machipukizi ambayo yalikuwa hayajafunguka. Hapakuwa na haja ya kuyabakiza. Jumanne familia yake ingepanda ndege kwenda Uingereza, na nani angekuja kuyamwagilia maji?

Lakini yeye hakuwa na nia ya kupanda ndege hiyo. Chini ya kitanda chake kulikuwa na furushi lenye magauni mawili, kanga na chanuo. Hakuna aliyejua, au ndivyo alivyodhani.

Ilikuwa Septemba ya mwaka ule wa sabini na mbili. Tangu amri ile ya Agosti ya kuwafukuza Wahindi, mtaa wao wa Old Kampala ulikuwa ukinyauka nyumba moja baada ya nyingine. Miaka mingine, siku ya Radhashtami, siku aliyozaliwa Radha, mpenzi wa mungu Krishna, nyumba ya Mzee Vrajlal muuza vitambaa ilifurika hadi ngazini. Wanawake waliimba mpaka wapita njia wakasimama chini kusikiliza. Mwaka mzima miguu ya sanamu ya Radha ilifunikwa kwa sketi yake ya hariri. Siku hiyo tu, saa sita mchana, pazia lilifunguliwa na waumini wakaonyeshwa nyayo zake. Mpaka saa hiyo hakuna aliyetia kitu kinywani.

Mwaka huu walikuwa wanne tu: baba, mama, bibi na yeye.

Kokila alikuwa jikoni akichanganya maziwa, mtindi, samli, asali na sukari vya kumwoshea mungu. Bibi yake, ambaye wote walimwita Ba, alikaa kwenye kigoda akitunga maua kwenye uzi. Chumbani mama alikuwa analia juu ya masanduku, akifunga na kufungua.

"Radha hakuolewa na Krishna," Ba alisema ghafla. "Unalijua hilo?"

"Najua, Ba."

"Krishna aliondoka kwenda Mathura. Akapata ufalme, akapata na wake. Radha akabaki kijijini na ng'ombe. Lakini sisi tukiomba, tunasema Radha-Krishna. Jina la nani linatangulia?"

"La Radha."

"Haya." Bibi akamtazama juu ya miwani. "Mwalimu wako anakuja leo?"

Kijiko kilimponyoka Kokila kikaangukia sakafuni. Kabla hajapata la kujibu, mlango wa nyuma ukagongwa polepole. Ba akakusanya maua yake, akaondoka bila kugeuka.

Obwona aliingia akiwa ameshika viatu mkononi. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye vidole virefu vya mpiga kinanda. Alifundisha nyimbo katika shule ileile ambamo Kokila alifundisha hesabu. Alikuwa Mwacholi aliyezaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, ambako watoto wa kila kabila walicheza kwa Kiswahili. Kokila naye Kiswahili alikiokota dukani kwa baba yake. Hivyo mapenzi yao yakakua ndani ya lugha ambayo haikuwa ya mama wa huyu wala ya mama wa yule, na labda kwa sababu hiyo waliiona kuwa ni yao wawili peke yao.

"Umefunga?" Obwona aliuliza.

"Mpaka saa sita. Wewe umekula?"

"Sijala tangu jana. Mimi nimefungishwa na woga." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Koki, nimekuja kukuaga, au kukuchukua. Utachagua mwenyewe."

"Kuniaga uende wapi?"

"Binamu yangu Okeny amesikia jina langu likitajwa na wanajeshi. Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka."

Kokila alielewa. Baba yake Obwona alikuwa sajini. Mwaka uliopita, utawala mpya wa kijeshi ulipoanza kuwawinda Waacholi, aliitwa mkutanoni pamoja na wenzake, akatoka nyumbani amenyoa ndevu na kung'arisha mkanda, na hakuonekana tena. Mpaka leo mkewe, Santina, alikuwa hajaambiwa ikiwa ni mjane.

"Dereva Oloya anapeleka gari Busia, mpakani na Kenya, leo mchana," Obwona aliendelea. "Nikivuka, nimepona."

Kokila alicheka kicheko kikavu. "Mimi nimeamua kubaki Kampala kwa ajili yako. Kumbe wewe mwenyewe huna Kampala tena."

"Ulikuwa unabaki?"

"Furushi liko chini ya kitanda."

Obwona alimtazama kwa muda mrefu. Macho yale yaliyokuwa yakimfuata koridoni shuleni miaka miwili, yakijifanya yanatazama ubao wa matangazo, sasa hayakujificha hata kidogo.

"Basi twende wote," alisema. "Nairobi nitafundisha. Tutapanga chumba. Hatutakuwa na kitu, Koki."

"Nani alikuambia nataka kitu?"

"Umefikiri?"

"Nimefikiri miaka miwili."

Obwona akamshika mkono, ukanata kwa asali, na wote wawili wakatazama vidole vyao vilivyogandana. Hapo ndipo waliposikia sauti.

"Toa mkono wako."

Mzee Vrajlal alikuwa amesimama mlangoni, ameoga, amevaa dhoti ya ibada, paji la uso limepakwa alama ya sikukuu. Hakupaza sauti. Kokila angependa apaze.

"Bapuji, huyu ni..."

"Namjua ni nani. Mtaa mzima unamjua ni nani. Mimi ndiye niliyekuwa najifanya kipofu, nikisema ndege itamaliza mambo." Akamgeukia Obwona, akaacha Kigujarati na kusema Kiswahili. "Mtu mwema huingia kwa mlango wa mbele."

"Nikiingia kwa mbele, mzee, wataniona," Obwona alijibu. "Sikuja kukuvunjia heshima. Nampenda binti yako. Nataka kumuoa."

"Kumuoa!" Mzee alilitema neno lile. "Mji unaungua, watu wanaokota roho zao wakimbie, na wewe unataka harusi?"

"Naenda naye, Bapuji," Kokila alisema.

"Utakwenda mahali baba yako anapokwenda."

"Leo tunamwimbia nani?"

"Kokila, nyamaza."

"Tunamwimbia Radha. Mwanamke aliyeacha nyumba akamfuata mwanamume asiye mumewe. Kila mwaka ukimwimbia machozi yanakutoka. Mbona yeye unamlilia na mimi unanifungia mlango?"

Mkono wa mzee ulipanda juu, ukashuka bila kumgusa mtu.

"Yule ni mungu!" alisema, na sasa sauti ilimpasuka. "Mungu hana jirani wa kumcheka. Wewe ni binti yangu! Nimenyang'anywa duka. Nimenyang'anywa nyumba. Mahali nilipochoma maiti ya baba yangu sitapaona tena. Kimebaki nini mikononi mwangu? Hebu niambie, kimebaki nini?"

Tangu azaliwe Kokila hakuwahi kumwona baba yake akiomba kitu kwa mtu.

Mlango wa mbele ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

"Fungua mulango! Fungua haraka!"

Obwona alirukia mlango wa nyuma, lakini Ba alitokea akitikisa kichwa. "Mmoja yuko uani," alinong'ona. "Nimemwona dirishani."

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Mhindi aliyekamatwa na dahabu angenyang'anywa na kupigwa. Mwacholi aliyekamatwa amejificha angetiwa kwenye buti la gari.

Mzee Vrajlal alimtazama Obwona. Kokila aliona jinsi baba yake alivyomtazama, akaogopa, maana ilikuwa rahisi mno. Angefungua tu mlango na kunyamaza. Tatizo lake lote lingeondoka na askari wale.

Mzee alimshika Obwona ukosi wa shati, akamburuta hadi chumba cha ibada, chumba ambacho hata mkewe hakukiingia kabla ya kuoga. Akamsukuma nyuma ya pazia jekundu, penye sanamu.

"Inama," alisema. "Usimguse."

Kisha akaenda kufungua.

Waliingia wawili. Aliyetangulia alikuwa koplo mnene aliyeitwa Abudu, ambaye mtaa ulianza kumzoea kama watu wanavyozoea ugonjwa. Macho yake yalipita juu ya masanduku, juu ya mama aliyejikunyata, yakamfikia Kokila, yakakaa hapo.

"Leo nyinyi nafanya nini? Nasikia harufu ya ubani."

"Sikukuu, afande," mzee alijibu. "Mungu wetu amezaliwa."

"Sikukuu bila dahabu? Muhindi anasherehekea bila dahabu?" Koplo akacheka, akazungukazunguka, akapiga teke sanduku moja likamwaga blanketi. "Mzee, mimi iko na haraka. Dahabu wapi?"

"Walichukua wenzako juzi."

"Hapana danganya mimi." Alifika chumba cha ibada na viatu vyake vya jeshi. Mama alitoa sauti kama aliyechomwa. "Na hii pazia? Nyuma iko nini?"

"Ni mungu. Bado hatujamfungua. Hafunguliwi kabla ya saa sita."

"Mungu yako anajificha kama mtu." Koplo akanyoosha mkono, akashika pindo la pazia.

Kokila aliliona pazia likicheza. Hakujua kama ni mkono wa koplo au ni pumzi ya Obwona.

"Ngoja!" mzee alisema. "Ngoja, afande. Iko jikoni. Iko ndani ya pipa la mchele."

Mkono uliachia pindo.

Mama alikaa chini palepale. Ile ilikuwa dahabu ya Kokila. Bangili, mkufu na vipuli alivyokuwa akiwekewa tangu siku aliyozaliwa, kimoja kila alipotimiza mwaka, vya kumvisha siku ya ndoa. Wengine walikuwa wameuza vyao, wengine wamevifukia. Mzee Vrajlal aliapa kwamba hata wakimwacha uchi, vile vitavuka. Sasa alikuja navyo mwenyewe, vimefungwa kwa kitambaa, mchele ukimdondoka mikononi, akampa koplo kwa mikono yote miwili kama mtu anayetoa sadaka.

Koplo alifungua, akapiga mluzi. Akamwita mwenzake kutoka uani, na wote watatu wakateremka ngazi wakigombania mkufu.

Kengele ya kanisa la mbali ikapiga saa sita, na Ba, kwa sauti yake nyembamba ya uzee, akaanza kuimba. Alivuta kamba, pazia likafunguka. Radha alikuwa amesimama na maua shingoni, sketi yake imepandishwa, nyayo zake ndogo zimepakwa rangi nyekundu. Chini yake Obwona alikuwa amepiga magoti, kichwa kimeinama, jasho likimchuruzika kidevuni, mikono ameifumbata nyuma ya mgongo ili asimguse.

Mzee Vrajlal alimtazama yule kijana, akamtazama mungu wake. Akageukia ukutani, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mpe chakula," alimwambia Kokila bila kugeuka. "Kisha aende."

Walikula jikoni wamesimama, wali wa maziwa kwenye sahani moja. Obwona alikula kidogo, kwa adabu ya mgeni.

"Lete furushi," alisema. "Oloya hatangoja."

Kokila alikuwa ameliwaza furushi lile tangu mkono wa koplo ulipoachia pazia.

"Barabara ya Busia ina vizuizi vingapi?" aliuliza.

"Usiulize hivyo."

"Nakuuliza."

"Vingi."

"Na kila kizuizi kitakuwa na Abudu wake. Hukuona alivyonitazama. Ukiwa na mimi, gari litasimamishwa kila mahali. Watauliza Mhindi huyu anakwenda wapi na Mwafrika. Bila mimi wewe ni mwalimu anayekwenda msibani Tororo."

"Koki, tulisema wote."

"Tulisema kabla hawajaja." Alimshika uso kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anaona. "Mimi nitapanda ndege. Wewe utavuka kwa gari. Ukifika Nairobi utanitafuta, nami nitakusubiri. Hata miaka kumi nitakusubiri. Lakini siwezi kuwa sababu ya wewe kushushwa garini. Siwezi, Obwona."

"Na nikikukosa huko?"

"Hutanikosa. Nani mwingine huko Uingereza atakuwa anaongea Kiswahili peke yake barabarani?"

Hapo Kokila alicheka, akalia papo hapo. Wakashikana mpaka Ba alipokohoa mlangoni. Obwona alivaa viatu, akamwinamia bibi, kisha akasimama mbele ya mlango wa chumba alimokuwa baba.

"Asante, mzee," aliuambia mlango.



Kokila alimtazama kutoka roshani akivuka uchochoro kuelekea Kisenyi, kwenye magereji, bila kukimbia, kama mtu aliyetumwa sukari. Hakugeuka. Walikuwa wamekubaliana asigeuke.

Jumapili mchana mwanamke wa makamo aligonga mlango wa mbele. Alikuwa mrefu, amevaa gauni la gomesi lililopauka, na Kokila alimtambua kabla hajasema neno, kwa vidole vile virefu.

"Mimi mama ya Obwona," Santina alisema. "Wewe Kokila?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

"Sitakaa." Alisema Kiswahili cha kambini, kifupi, kama mtu anayetoa taarifa. "Oloya amerudi. Walisimamisha gari darajani Jinja. Walishusha Obwona."

Kokila alishika fremu ya mlango.

"Alikuambia sababu ya mimi kutokwenda naye?" aliuliza.

"Aliniambia alipopita kuniaga. Ulisema ukikaa garini watamwona."

"Ndiyo."

"Ulifikiri vizuri. Hata mimi ningefikiri hivyo." Santina akatazama chini. "Lakini hawakuangalia nani amekaa na yeye. Waliuliza jina tu. Alitaja jina yake, basi."

Nyuma ya Kokila baba yake alikuwa amesimama, na hakuna aliyejua amekuja saa ngapi.

"Mwanangu, mimi sikukupenda," Santina aliendelea. "Nilimwambia, Mhindi atakuchezea, akichoka atarudi kwao. Hayo yamepita. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Pale kwangu hakuingia, aliniaga nyuma ya mlango uliofungwa, nguo sikuona. Alikuwa amevaa nini?"

Kokila alielewa swali, na alitamani asingelielewa. Kando ya barabara ya Jinja kulikuwa na msitu ambao Kampala nzima iliujua na hakuna aliyethubutu kuutaja. Wanawake walikwenda huko alfajiri, kimyakimya, kutazama. Nyuso hazikusaidia. Walitambua kwa nguo.

"Shati la buluu," alisema. "Mikono mifupi. Kifungo cha pili kutoka juu kimeshonwa kwa uzi mweupe, vingine vyote ni uzi wa buluu. Nilikishona mimi, shuleni, uzi wa buluu ulikuwa umeisha. Suruali ya kijivu. Viatu vya kahawia. Soksi ya kushoto imetoboka kisiginoni."

Santina alirudia kila neno chinichini, akilikariri. Buluu. Kifungo cha pili. Uzi mweupe.

"Mimi mama yake sikujua hii ya kifungo," alisema mwishowe.

"Nichukue twende wote, mama. Mimi nitamjua."

"Hapana. Ukionekana na mimi tutakufa wawili, na nani atamzika? Wewe panda ndege." Alimgusa Kokila shavuni kwa upande wa nyuma wa kidole, haraka, kama mtu anayepima joto la maji. Akateremka ngazi.

Siku ya Jumanne, masanduku yakiwa tayari garini, Helen, mwalimu mwenzao, alikuja mbio akihema. Hakuingia. Alimkumbatia Kokila mlangoni akamwambia sikioni kwamba Santina amepata alichokuwa anatafuta, na kwamba jana wamekipeleka kwao Gulu, kimefunikwa kwa magunia ya mihogo.

Kokila aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru Helen, akamwachia funguo za kabati lake la shuleni. Kisha akaenda chumbani kwa Ba, akafunga mlango.

Chini, baba aliwasha gari. Mama aliita mara mbili. Alipomwona binti yake akishuka ngazi alitoa yowe lililowafanya watu wa ng'ambo ya barabara wageuke.

Kokila alikuwa amevaa sari nyeupe ya bibi yake, nyeupe tupu isiyo na utepe wala nakshi, ile wavaayo wajane. Mikononi hakuwa na bangili hata moja, na kwenye paji la uso hakuwa na alama.

"Vua!" mama alilia. "Unajiletea mkosi! Msichana hujaolewa, utavaaje nguo ya mjane? Watu watasema nini? Vrajlal, mwambie avue!"

Ba alikuwa nyuma ya mjukuu wake, amemshika kiwiko, macho mekundu.

Mzee Vrajlal alishuka garini. Alimtazama Kokila toka kichwani hadi miguuni, polepole, na Kokila alimtazama naye bila kuinamisha macho. Alikuwa tayari kuvuliwa kwa nguvu. Alikuwa tayari kwa lolote.

Mzee akafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Mwacheni," alisema. "Amefiwa."

Akakusanya pindo la sari ile lisiburute vumbini, akaliingiza ndani taratibu, na kumfungia mlango.